Programu yangu ilivyoyafuta majarida ya malaria kwa Ijumaa tatu za Ramadhani

Wakuu, amani iwe kwenu.

Wiki iliyopita kulikuwa na uzi humu, watu wanabishana kama kazi za ofisini ziachiwe mashine zijiendeshe zenyewe. Nilisoma kurasa zote na sikuchangia. Nimeona bora nilete la kwangu. Lilinikuta mimi, nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Majina nimebadilisha na taasisi sitaitaja. Ilikuwa Temeke, hiyo inatosha.

Ni ndefu kidogo. Chukua chai.

Ilikuwa mwaka 1997 kuingia 1998, ule msimu wa mvua za El Niño. Nilikuwa na miaka ishirini na nane, naishi Mwananyamala, nimeajiriwa kwenye maktaba ya taasisi ya utafiti wa afya. Cheo changu kilikuwa mtu wa fotokopi. Elimu yangu kidato cha nne.

Kompyuta nilijifunza mwenyewe. Wale mnaokumbuka wauza vitabu vya mtumba pale Manzese mnajua unavyoweza kukuta kitu cha maana katikati ya vitabu vya mapishi na Biblia za Kijerumani. Mimi nilikuta kitabu cha lugha ya Perl, hakina jalada, hakina sura mbili za mwanzo. Nilikisoma mara nne. Hadi leo sijui zile sura mbili zilisema nini.

Bosi wangu alikuwa mkutubi, nitamwita Bi Zuhura. Mtu wa pwani, mwenyeji wa mji huu kabla mji haujawa mji, mpole wa sauti lakini hasukumwi.

Sasa kabla sijaendelea, lazima mwelewe hali ya ile maktaba.

Majarida ya kitaalamu kwenye rafu yalikuwa yanaishia mwanzoni mwa miaka ya themanini. Fedha za kigeni ziliisha, majarida yakaacha kuja. Mtafiti anakuja kutafuta dawa mpya ya malaria, unampa jarida la wakati dawa hiyo haijagunduliwa. Bi Zuhura alikuwa ananiambia, "Miaka kumi na tano mie kazi yangu ni kuomba radhi."

Halafu milango ikafunguliwa, intaneti ikaingia Dar. Maktaba ikapewa kompyuta, modemu, na laini moja ya simu. Wachapishaji kadhaa wa nje wakatupa ruhusa ya kusoma majarida yao mtandaoni bure. Mia mbili na kitu. Bi Zuhura akaingiza kila jarida kwenye katalogi ya kompyuta, na chini ya kila jina akaandika anwani yake, yaani link. Msomaji anatafuta jina, anabonyeza link, anasoma toleo la mwezi huo.

Mara ya kwanza jarida la mwezi huo lilipofunguka, Bi Zuhura alitoka nje akakaa kwenye benchi peke yake. Sikumuuliza.

Tatizo likaja haraka.

Zile link zilikuwa zinakufa. Jarida linahama anwani bila kuaga. Leo linafunguka, mwezi ujao unapata ukurasa mweupe. Bi Zuhura alikuwa anazipitia kwa mkono moja baada ya nyingine, A mpaka Z. Akifika Z, zile za A zimeshakufa tena.

Na mkuu wa utawala, nitamwita Bwana Kisanga, alikuwa anaitaka ile laini kwa ajili ya faksi yake. Mwezi wa kumi alikuja, akabonyeza link tatu, mbili zikagoma.

"Bi Zuhura, hii laini mnaitumia kuangalia kurasa nyeupe."

"Zinahama, bwana. Tunazifuata."

"Basi zifuateni mpaka mwisho wa Januari. Nitakuja kuchagua majarida kumi mwenyewe. Yote yakifunguka, laini yenu. Hata moja likigoma, inahamia kwangu."

Hilo ndilo lilikuwa suala zima, wakuu. Bila laini hakuna majarida. Tunarudi kwenye zile rafu za mwanzo wa themanini.

Nikamwambia Bi Zuhura niachie mimi.

Niliandika programu kwa wiki tatu. Ilikuwa inachukua anwani moja moja kutoka kwenye katalogi, kwa mpangilio wa alfabeti, inabisha hodi kwenye kila seva, yaani kompyuta ya mchapishaji huko nje. Majibu yalikuwa ya aina tatu. Seva ikisema "nipo", programu inapita. Ikisema "nimehamia huku", programu inachukua anwani mpya na kuiandika kwenye katalogi yenyewe, bila mtu kugusa. Isipojibu, programu inaandika alama moja ya kosa.

Kwa zisizojibu niliweka kanuni niliyoiona ya kistaarabu. Kosa moja si kitu, labda seva ya huko imezimwa. Makosa mawili mfululizo, bado tunavumilia. Matatu mfululizo, wiki tatu, jarida hilo limekufa. Programu inaliondoa kwenye katalogi.

Lini iendeshwe? Laini ile ilipita kwenye swichibodi ya taasisi, na siku za kazi simu zilikuwa zinagombaniwa. Mimi ni Mkristo, nimetoka Songea. Nilikuwa nimeona kwamba Ijumaa kuanzia saa tano na nusu ofisi zinaanza kupungua watu. Wengine wanakwenda kubadili nguo, wengine kuwahi udhu. Simu zinatulia. Programu ilihitaji dakika hamsini. Ikianza saa sita kasoro robo, saa sita na dakika thelathini na tano imemaliza. Nikaona nimepata saa safi kabisa.

Novemba na Desemba ilifanya kazi vizuri sana. Kila Ijumaa nachapisha ripoti, Bi Zuhura anaiweka kwenye faili. Anwani zilizohama zilijirekebisha. Zilizokufa kweli ziliondoka, chache. Watafiti wakaanza kurudi maktaba. Sitajifanya mnyenyekevu hapa: nilijua nimefanya kitu kizuri, na mpaka leo naamini hivyo.

Nikaacha kusoma ripoti. Naziweka tu kwenye faili.

Januari ikaingia na Ramadhani.

Jumatatu moja, wiki ya tatu ya mfungo, anaingia mtafiti wa malaria, Dokta Mbonde, mtu wa mizaha na sauti kubwa. Akakaa kwenye kompyuta, akatafuta, akatafuta tena, akageuka.

"Bwana mdogo, hongereni."

"Kwa lipi, daktari?"

"Malaria imetokomezwa. Nimeitafuta kwenye katalogi yenu, haipo. Mngetuambia mapema tukatafute kazi nyingine."

Nikacheka. Nikaenda kumwonyesha. Nikaandika malaria. Hakuna.

Nikaandika lishe kwa Kiingereza, *nutrition*. Hakuna. *Parasitology*, hakuna. *Tropical*, hakuna. Kifua kikuu, hakuna.

Majarida yote kuanzia herufi M hadi Z hayakuwepo. Kuanzia A hadi L yapo, yanafunguka vizuri. Angalieni bahati yetu ilivyo: kwa Kiingereza magonjwa yetu karibu yote yako nusu ya pili ya alfabeti. Tulibakiwa na mzio, moyo na meno. Magonjwa ya watu wenye friji.

Dokta Mbonde akasema, "Haya, nitafanya utafiti wa meno basi," akaondoka. Mimi sikucheka tena.

Bwana Kisanga alikuwa anakuja Alhamisi.

Nikatoa ripoti za wiki tatu kwenye faili. Hapo ndipo nilitaka kujipiga. Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani programu ilikwenda vizuri hadi majarida ya herufi I, kisha yote yaliyofuata hayakujibu. Ya pili ilifika mwisho wa L. Ya tatu iliishia J. Kwa hiyo M hadi Z yote yalikuwa na makosa matatu mfululizo, na programu ikafanya nilivyoiagiza. Iliyafuta.

Nikahitimisha mara moja: mvua. Mnakumbuka ile mvua. Barabara ya kuja kazini ilikuwa mto. Sanduku la nyaya za simu nje ya ukuta lilikuwa limejaa maji, nililiona kwa macho yangu. Nikamweleza Bi Zuhura kitaalamu kabisa. Unyevu, nyaya, laini inakatika katikati ya kazi. Nikamwambia tumwombe fundi wa simu.

Alinisikiliza. Akavaa miwani, akachukua zile ripoti, akazipanga mezani moja chini ya nyingine. Akaweka kidole kwenye safu ya saa, safu ambayo mimi sikuitazama.

Laini ilikatika saa sita na dakika tatu. Ijumaa iliyofuata, saa sita na dakika nane. Iliyofuata, saa sita na dakika tano.

"Mvua gani hii, baba," akasema, "inayonyesha Ijumaa tu, saa sita?"

Nikazisoma zile saa upya.

"Nenda kamwone Shomari."

Mzee Shomari ndiye alikuwa mtu wa swichibodi. Chumba chake kilikuwa karibu na lango. Nilipita hapo kila siku kwa miaka miwili, salamu tu. Nikaingia.

"Shikamoo mzee Shomari."

"Marahaba. Wa maktaba leo umepotea njia?"

Nikamuuliza Ijumaa saa sita anafanya nini na laini za nje.

"Nazifunga."

"Unazifunga?"

"Kwa ufunguo huu hapa. Nikitoka swichibodi ikabaki wazi, wale walinzi wanapiga simu. Kuna mmoja aliongea na mchumba wake Bukoba mpaka swala ikaisha, nikarudi nikamkuta bado wanaagana. Tangu siku hiyo, nikitoka nafunga."

"Lakini Novemba na Desemba mbona..."

"Siku za kawaida natoka saa saba kasoro robo. Mwezi mtukufu natoka saa sita, nawahi safu ya mbele. Nikimkuta mtu njiani nachelewa dakika mbili tatu." Akanitazama. "Kwani wewe Ijumaa uliona ofisi tupu, ukadhani simu zinajiendesha?"

Nikautazama ule ufunguo.

"Miaka miwili unapita mlango huu. Hukujua Shomari anaswali?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anacheka. Lakini wakuu, nimepata vyeti kadhaa tangu wakati ule, na hakuna mwalimu aliyenifundisha kama lile swali. Mimi nilijua kila hatua ya mawasiliano kati ya kompyuta yangu na seva ya Ulaya. Sikujua hatua ya kwanza kabisa, ambayo ni mzee mmoja na ufunguo wake, mita arobaini kutoka kwenye meza yangu. Nilipangia kazi saa ya swala kwa sababu niliona watu hawapo. Sikujiuliza watu hao wakiondoka wanaacha nini katika hali gani.

Na kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu ni la kitaalamu. Programu yangu ilikuwa inakagua kama simu imeunganika inapoanza. Simu ikikatika katikati, ilikuwa haitambui. Iliendelea kubisha hodi kwenye waya uliokufa na kuandika kwamba wenye nyumba wamehama.

Sasa kurekebisha.

Hapa utaratibu wangu uliniokoa. Kila Ijumaa kabla programu haijaanza nilikuwa nanakili katalogi nzima kwenye disketi. Nilikuwa na ya kabla ya Ramadhani. Lakini sikuweza kuirudisha yote kama ilivyo, kwa sababu ndani ya wiki hizo tatu anwani kadhaa za A hadi L zilikuwa zimehama kweli na kurekebishwa, na Bi Zuhura alikuwa ameongeza majarida mapya. Jumanne nzima nilichomoa M hadi Z kutoka kwenye disketi na kuyaunganisha na katalogi ya sasa.

Yakabaki kukaguliwa, na nilihitaji laini isiyoguswa na mtu. Nikarudi kwa mzee Shomari.

"Njoo kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi," akasema. "Mie nikishakula daku na kuswali silali tena. Nitakufungulia, na hapigi mtu mpaka nikuone umetoka."

Jumatano asubuhi tulikuwa watatu pale taasisi. Shomari kwenye swichibodi, mimi na Bi Zuhura maktaba. Programu ilibisha hodi, na safari hii Bi Zuhura alifungua kila ukurasa na kuutazama kwa macho yake. Vizuri alifanya hivyo, kwa sababu kurasa mbili zilijibu "nipo" kumbe ndani kuna tangazo tu kwamba jarida limeondolewa. Hilo programu isingelijua kamwe.

Tulipomaliza, majarida saba yalikuwa na shida. Matano hayakujibu kabisa na mawili ni yale ya tangazo.

Nikasema lililokuwa wazi kabisa kichwani mwangu.

"Bi Zuhura, Bwana Kisanga atachagua kutoka kwenye katalogi. Tuyaondoe haya saba. Yatakayobaki yote yanafunguka. Hawezi kutushinda."

Alikuwa amefunga, hajalala vizuri, na ile laini aliitaka kuliko mtu yeyote.

"Wiki tatu umeyafuta kwa kutojua," akasema. "Leo unataka kuyafuta kwa kujua?"

"Ni saba tu."

"Na yule anayelitafuta mojawapo ya hayo saba? Atajua lipo lakini limegoma, au atadhani halijawahi kuwepo? Dokta Mbonde alikuja kwa sababu anajua malaria ipo. Mwanafunzi angeondoka."

Akakaa kwenye kompyuta mwenyewe. Chini ya kila moja ya yale saba akaandika sentensi. Hakuniachia niandike. Kwa yale mawili aliandika kwamba jarida limeondolewa na wachapishaji na kwamba tumewauliza. Kwa yale matano aliandika: *Halikujibu Jumatano asubuhi. Tutajaribu tena Ijumaa.*

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Niliona anaitupa laini kwa mikono yake.

Alhamisi Bwana Kisanga akaja na daftari. Bi Zuhura akanitazama, na nikajua natakiwa kusema. Nikamweleza yote. Programu, Ijumaa, ufunguo, M hadi Z.

"Ulifuta nusu ya katalogi?"

"Zaidi ya nusu kidogo, bwana."

Akaandika kitu kwenye daftari. Akakaa, akaanza kuchagua. La kwanza likafunguka. La pili, la tatu. Alikuwa anaruka ruka makusudi, mara A, mara T, mara C. La malaria likafunguka, toleo la mwezi huo huo. Tisa yakafunguka, na modemu yetu ilikuwa polepole, kwa hiyo tisa hayo yalikuwa karibu robo saa ya mimi kusimama nyuma yake.

La kumi akachagua herufi P. Nililitambua jina kabla hajalibonyeza.

Akabonyeza. Tukasubiri. Ukurasa mweupe.

Akarudi kwenye katalogi. Ndipo akaona ile sentensi chini ya jina. Akaisoma, nadhani mara mbili.

"Hii imeandikwa lini?"

"Jana," akasema Bi Zuhura.

"Mlijua nakuja leo."

"Tulijua."

"Na mngeweza kuliondoa."

"Kazi ya dakika moja, bwana."

Bwana Kisanga akavua miwani, akaifuta kwa tai yake.

"Mimi nina faksi," akasema. "Natuma barua Dodoma, mashine inasema imefika. Wiki mbili baadaye napigiwa simu, haijafika. Haijawahi kuniambia hata siku moja kwamba imeshindwa."

Akafunga daftari.

"Laini ibaki hapa."

Alipotoka Bi Zuhura hakushangilia. Alikwenda dirishani akafungua, akaniambia nilete orodha ya yale matano, tuanze kuwaandikia wenyewe barua.

Wakuu, ile programu iliendelea kufanya kazi miaka sita baada ya hapo, mpaka taasisi ilipopata mfumo mwingine. Nilibadilisha mambo matatu tu. Kwanza, kila baada ya majarida kumi ilikuwa inajiuliza kama simu bado ipo, na ikikuta imekatika inasimama na kusema imesimama. Pili, muda wake nilipanga na mzee Shomari, sio na saa ya ukutani. Tatu, niliinyang'anya ruhusa ya kufuta. Anwani mpya iandike yenyewe, sawa, kazi hiyo inaiweza kuliko mimi. Lakini kusema jarida limekufa, hapana. Iliruhusiwa kusema tu "nimebisha, sikujibiwa", na tarehe. Kuzika ilibaki kazi ya mtu.

Kwa hiyo kwa wale waliokuwa wanabishana wiki iliyopita, mimi siko upande wa wanaoogopa mashine. Nimeishi nazo miaka karibu thelathini na zimenilisha. Ninachosema ni kwamba kabla hujaiwasha, fuata waya kwa miguu, kutoka mezani kwako mpaka unakotokea, na kila unayemkuta njiani muulize anafanya nini saa hiyo. Mimi nilitembea mita arobaini nikiwa nimeshachelewa kwa wiki tatu.

Karibuni kwa maswali na hata kwa kejeli, ninazistahili. Na nyie mnaoendesha mifumo huko benki, hospitali, vyuoni, naomba mnijibu moja kwa ukweli: kwenu, ni kitu gani ambacho mashine inafuta sasa hivi bila kumuuliza mtu?